Asubuhi Mifereji ya Mowlem Ilipokohoa Redioni

Shule niliiacha darasa la nne. Hata sasa, nikipewa tangazo la kusoma hewani, nalisoma kwanza chooni, polepole, mpaka likubali. Lakini kuongea sikufundishwa na mtu. Nilianza kama mtuma salamu, wale wa kununua kadi na kusalimia ukoo mzima mpaka mtangazaji anaishiwa pumzi. Siku moja mtangazaji akaugua, nikaambiwa nishike kipindi chake cha asubuhi kwa muda. Huo muda ndio umenizeesha.

Mwaka jana ulikaribia kuisha. Alikuja meneja mpya, msichana mwerevu, rika la kitinda mimba wangu. (Huyo anaishi Njiru, anafuga kuku, tumwache hapo.) Akaniita ofisini.

"Mzee, heshima yako iko. Lakini watu hawapigi simu kama zamani, na vijana wanataka vichekesho. Nijazie simu kesho, asubuhi ubaki nayo. Zisipojaa, nakuhamisha Jumapili jioni."

Jumapili jioni ni pale redio inapomweka mtu kabla ya kumsahau.

Mke wangu akasema, "Si uongee juu ya maji? Mimi mwenyewe nitapiga." Kweli, hapa kwetu Mowlem tulikuwa tunanunua mitungi ya mkokoteni hata ya kuoshea vikombe. Nikaalika afisa mmoja wa maji. Akafika na suti safi, akanywa chai yetu, akatangaza bila kupepesa macho: "Mowlem kuna maji. Wanaolalamika ni wachache tu."

Nikafungua laini. Kimya. Nikacheza wimbo. Kimya. Meneja alikuwa nyuma ya kioo, amekunja mikono.

Kisha taa ya simu ikawaka. Mama mmoja, na naapa hakuwa mke wangu.

"Huyo amesema nini? Eti kuna maji?"

"Mama, punguza redio yako kwanza."

"Nimeizima! Sikiza huu mfereji!"

Tukausikia ukifunguliwa. Kriii. Halafu fyuuu, halafu kikohozi kikavu kama cha mvuta kiko.

"Hiyo ni nyumba moja," afisa akasema.

"Basi tuulize ya pili," nikamjibu.

Hapo simu zikamwagika. Fundi viatu: fyuuu. Mwalimu wa nasari: fyuuu, watoto wakiangua kicheko. Kijana mmoja akapiga kelele, "Niaje, mzee! Wangu hata haukohoi. Umekufa, mwambie huyo bwana alete rambirambi!"

Afisa akavua koti. Wimbo ulipoingia akatoka nje kupiga simu yake, akarudi mpole. Kumbe kuna valvu ilifungwa wakati wa ukarabati, ikasahaulika.

"Itafunguliwa leo," akasema hewani.

"Leo ni ndefu, bwana."

"Kabla ya saa nane."

Meneja akaingia anacheka mpaka machozi. "Mzee, laini bado zimejaa. Wachekeshaji wataenda Jumapili."

Nilipofika mtaani mke wangu alinifokea kutoka roshani yetu kwamba amepiga mpaka kidole kikauma, hakunipata. Alikuwa anafua. Mtaa wote ulikuwa unafua. Mablanketi, mapazia, sare za shule, kila roshani imejaa. Nikapita chini yake taratibu, matone yakiniangukia kichwani, watu wakiniita kutoka juu kama nimeshinda kura.

"Mzee! Kesho uwaulize taa za barabara!"

"Saa moja kamili," nikawajibu. "Muwe hewani."