Pale Tansy Aliposimama

Wabeba barua wote waliitwa vijana wa posta, hata wale waliokwisha kung'oka meno. Jabez Pask alikuwa na miaka sitini na mmoja, wajukuu wanne na nyonga mbovu, na bado kila alfajiri msimamizi wa posta pale Wexbourne alimwambia, "Haya kijana, panda." Jabez alilipenda jina hilo. Hakuwahi kuwa na kazi nyingine: mfuko wa ngozi, pembe ya kupuliza njiani, na mbele yake nyika ya Callow, maili kumi na moja za magugu na ukungu.

Farasi wake, jike mwekundu aliyeitwa Tansy, alikuwa mkorofi wa kutupwa. Aliuma, alirusha mateke, na hakuwa na adabu kwa yeyote isipokuwa Kit Fenner. Kit alikuwa mtunza farasi wa nyumba ya wageni ya huyo huyo msimamizi wa posta, mtoto wa pekee wa mjane Dorcas, na Jabez alimjua tangu anatambaa. Kit alikuwa akiishika pua ya Tansy kwa viganja viwili, anampulizia pumzi puani taratibu, na yule mnyama anatulia kama mtoto aliyeshiba maziwa. Hakuna mwingine aliyethubutu kuusogeza uso wake karibu na meno yale. Kisha Kit akagombana na mwenye nyumba, akafukuzwa, na ikasemekana ameenda London.

Asubuhi moja ya Novemba, mwanzoni mwa nyika, mtu aliyejifunika uso kwa kitambaa alitokea ukunguni na bastola mkononi. Hakusema neno. Alimwashiria Jabez ashuke, akamfunga mikono kwenye jiwe la maili. Tansy alipoanza vurugu zake, yule mtu alimshika pua akampulizia, naye akatulia. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mtu yule aliiokota kofia ya Jabez iliyodondoka matopeni, akaikung'uta, akamvisha. Halafu akaondoka na mfuko.

Je, Jabez alimtambua? Swali hilo alijiuliza mpaka akazeeka nalo. Mimi namwamini aliposema hapana. Mtu aliyeelekezewa bastola kifuani hatazami mikono ni ya nani.

Siku zile kuiba barua za mfalme kulikuwa ni kifo, hakuna cha msamaha. Kabla ya jua kutua, tangazo la paundi mia mbili kwa atakayemkamata mwizi lilikuwa limegongomelewa kwenye kila mlango wa baa. Jabez mwenyewe alipelekwa kwa hakimu, kwa sababu wakubwa waliamini kuwa nusu ya vijana wa posta hula sahani moja na wezi. Hakimu alimwuliza kama aliumizwa. Hapo ndipo Jabez, kwa huruma yake tu, akataka kumtetea mtu asiyemjua, ili siku akikamatwa wasimpeleke kitanzini.

"Hakuwa mtu mbaya, bwana," alisema. "Kofia yangu alinivisha mwenyewe. Hata farasi alimtuliza vizuri, akampulizia puani, mpole kabisa."

Kalamu ya karani ilisimama. Msimamizi wa posta, aliyekuwa amekaa pembeni, aliuliza polepole, "Puani?"

Watu husema ulimi huponza kichwa. Wa Jabez uliponza kichwa cha mtu mwingine, na sasa alikiona kichwa hicho waziwazi, na nywele zake za rangi ya majani makavu. Alianza kubabaika kwamba hilo si jambo, mtu yeyote aweza kumpulizia farasi.

"Basi kampulizie wewe," hakimu alisema.

Walimtoa Tansy uani, watu wakazunguka. Jabez aliishika pua yake kwa viganja viwili. Alimsihi kimoyomoyo, mara hii moja tu, mara hii moja tu katika maisha yako, mama, tulia. Alipuliza. Tansy alimng'ata bega mpaka damu ikapenya koti. Karani akaandika.

Kit alikamatwa siku ya tatu, katika banda la nyasi. Noti zote alizoiba zilikuwa nusunusu, maana wenye mabenki walikuwa wamezoea kuzikata katikati na kupeleka kila nusu kwa posta ya siku yake, wakiwahofia wezi. Zisingemnunulia hata mkate. Mahakamani Jabez alishindwa kuinua macho. Kit alipopitishwa mbele yake na pingu, alisimama kidogo. "Ilikuwa inanyesha, Mzee Pask," alisema. "Ningekuachaje kichwa wazi?"

Alinyongwa mwezi Machi. Mwili haukurudishwa kwa mama yake. Waliupaka lami usioze upesi, wakautia katika kizimba cha chuma, wakautundika juu ya mlingoti pale pale kwenye jiwe la maili. Walisema ni kwa ajili ya usalama wa vijana wa posta.

Safari ya kwanza kupita pale, Tansy alisimama. Alipigwa kisigino, hakwenda. Aliinua pua juu, kuelekea kizimba, akangoja. Jabez ilimbidi ashuke amvute, huku analia kama mtoto. Ikawa hivyo kila asubuhi.

Nyumba ya Dorcas ilikuwa ya mwisho kabla ya nyika, na upepo ulileta kila sauti. Mwezi mzima Jabez aliipita akiwa ameinamisha kichwa. Siku moja alimkuta mjane amesimama barabarani, na akajua saa yake ya kutukanwa imefika. Aliona afadhali.

"Nasikia kwato zikinyamaza," Dorcas alisema. "Ni pale?"

"Ni pale, Mama Kit. Hataki kupita. Namvuta."

Mjane aligeuka akatazama nyikani. "Mimi miguu inakataa," alisema. "Nimejaribu mara tatu, nafika kwenye kichaka narudi. Basi usimvute haraka, Jabez. Mwache asimame naye kidogo. Mwanangu hana mgeni mwingine."

Tangu siku hiyo hakumvuta. Alishuka, akavua kofia, akasimama kando ya farasi mpaka Tansy mwenyewe alipochoka kungoja. Lakini kila mfuko ulikwenda na karatasi ya saa, ambamo kila kituo kiliandika saa ya kutoka na ya kufika, na saa za Jabez zilianza kuchelewa. Alionywa mara mbili. Mara ya tatu msimamizi hakumwita kijana. Alimwambia aache pembe mezani. Tansy aliuzwa kwa mtu wa makaa ya mawe.

Asubuhi iliyofuata Jabez alikwenda kwa Dorcas kumweleza, na kabla hajamaliza wakasikia pembe. Walisimama mlangoni. Kijana mgeni alipita mbio juu ya farasi mweusi, akapotelea nyikani, na wote wawili wakatega masikio. Kwato zilifika kwenye jiwe la maili. Hazikunyamaza.

"Amepita," Dorcas alisema.

Jabez alichukua kofia yake. Ni karibu maili nzima kutoka mlango ule hadi kwenye jiwe, na nyonga yake ilikuwa inauma tangu usiku. Alianza kutembea.