Tangi Lililojibu

Fundi wa kuchomelea vyuma, jirani yetu wa mtaa wa Mabanga mjini Goma, hagusi chuma bila kukigonga kwanza kwa kidole. Hugonga, huinamisha kichwa, husikiliza, kisha hunong'ona, "Bado iko muzima," au "Hii imekwisha." Vidole vyake vimejaa makovu ya cheche, na sauti yake ni ndogo kuliko mwili wake. Mwaka mmoja wa vita nilitoka naye Goma hadi Kalemie, kwenye karakana ya zamani ya reli, alikoitwa na mwenye kazi mmoja kukata magarimoshi ya mvuke yauzwe kama vyuma chakavu. Yalisimama katikati ya majani, meusi, magurudumu yakinipita kimo. Akawasha moto wa kukatia, akagonga tangi la maji la garimoshi la kwanza. Tangi nalo likagonga.

Alirudi nyuma, mdomo wazi. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani: "Papa, usikate. Tuko batu humu ndani." Mfuniko ukafunguka, akachungulia mama mmoja na watoto wake. Walikuwa wamekimbia mapigano ya Masisi, wakavuka maziwa mawili, wakaishia humo.

"Mama, ningewachoma," fundi alisema. Aliuweka moto chini, nikauzima mimi. Kisha akawaomba watoke nje wote, akauwasha tena, akakata dirisha ubavuni mwa tangi.

"Na mwenye kazi, papa?" nilimwuliza.

"Akuje," alijibu, akisugua kingo za dirisha kwa tupa zisiwakate watoto.