Msusi wa Othaya aliyekwama kwenye kitabu cha tisa

"Geuza," anasema Naliaka.

Anita, mke wa afisa wa polisi kutoka Kiganjo, anageuza ukurasa bila kushusha mikono. Ameketi kwenye kiti cha saluni, nusu ya kichwa imeshasukwa na nusu nyingine imesimama wima kama iliyotishwa. Kitabu amekiinua hadi usawa wa paji la uso. Nyuma yake Naliaka, msusi wake, anasoma kwa sauti juu ya bega lake, huku vidole vikiendelea na kazi. Hasomi haraka. Akifika kwenye neno gumu vidole husimama kwanza, halafu mdomo, kisha vyote huendelea pamoja.

Ni Alhamisi asubuhi mjini Othaya na ukungu haujaondoka kwenye mashamba ya chai. Ndani ya saluni, sufuria ya maji ya kuchovya ncha za misuko inachemka juu ya jiko. Wateja wawili wanangoja zamu kwenye benchi. Hakuna anayenung'unika kwamba anacheleweshwa, kwa maana akinung'unika hatasikia hadithi.

Naliaka ana umri wa miaka thelathini na sita na ni mama wa watoto wawili. Alikuja hapa kutoka Kimilili miaka kumi na mitatu iliyopita kumfuata shangazi yake, akajifunza kusuka, akajifunza na Kikuyu cha kumtosha kuteta na wateja. Siku njema hupata shilingi elfu mbili. Siku mbaya hurudi nyumbani na harufu ya mafuta ya nywele tu.

Mwaka jana alijiwekea lengo la kumaliza vitabu kumi na viwili, kimoja kila mwezi. Alimaliza tisa. Ukimuuliza kulikoni, hakupi visingizio vya kazi wala vya watoto. Anaelekeza kidevu upande wa dirisha, alikoketi mwanamke mwembamba aliyejifunga skafu ya sufi kichwani, kikombe cha uji mikononi.

"Sababu ndiyo ile," anasema. "Na siwezi kumlaumu."

Mwanamke huyo ni Murugi, mkulima wa chai mwenye umri wa miaka hamsini na minane. Hapa saluni anaitwa Mama Dedan, kwa jina la mwanawe anayefanya kazi kwenye kinu cha mchele kule Wang'uru. Murugi anaugua saratani ya matiti na bado yuko kwenye matibabu. Hana nywele za kusukwa. Hata hivyo kila Alhamisi huteremka mlima kutoka kwake, huingia saluni, na hukaa hapo dirishani mpaka ukurasa wa mwisho wa siku usomwe.

Urafiki wao ulianza vibaya, na wa kulaumiwa ni macho ya Naliaka. Msusi husimama nyuma ya mteja kwa saa nne au tano, na mteja wa siku hizi huwa na simu mkononi. Macho ya msusi yataenda wapi? Naliaka anakiri kwamba kwa miaka mingi alisoma jumbe za watu mpaka akajua nani anadaiwa, nani anapendwa na nani anadanganywa. Alikuwa akisoma na kunyamaza, jambo ambalo yeye mwenyewe aliliita adabu.

Siku moja, miaka miwili iliyopita, simu ya Murugi iliwaka mapajani mwake. Naliaka alisoma kabla mwenyewe hajavaa miwani, na ulimi ukamponyoka.

"Pole sana, Mama Dedan," alisema.

"Pole ya nini?"

"Ya ng'ombe."

Hivyo ndivyo Murugi alivyojua kwamba ng'ombe wake wa maziwa amekufa. Alivaa miwani, akasoma ujumbe wa kijana wake wa shamba, akaigeuza simu kifudifudi mpaka msuko wa mwisho. Naliaka anasema alitamani sakafu immeze. Alikuwa na hakika kwamba mteja huyo hatarudi, na kwamba kabla ya jua kutua Othaya nzima ingekuwa imeambiwa ichunge simu zake.

Murugi alirudi baada ya wiki sita, na kitabu mkobani. "Macho yako iko na njaa," alimwambia. "Afadhali nikupatie kitu ya kusoma, uwachane na maneno ya watu." Lakini herufi zilikuwa ndogo, na kutoka pale nyuma Naliaka hakuziona vizuri. Basi Murugi akaanza kumsomea kwa sauti. Wateja wa benchi walitega masikio. Wiki iliyofuata mmoja wao aliuliza kile kitabu kiko wapi.

Saluni ikapata desturi yake. Anayeketi kwenye kiti ndiye anayesoma, na akisoma hupunguziwa shilingi mia moja. Kitabu ni kimoja kwa wakati, na hakitoki nje ya mlango, kwa sababu aliyewahi kwenda nacho nyumbani alirudi akiwa ameshajua mwisho na akawaharibia wenzake. Wendy, mwanafunzi wa chuo mjini Nyeri, husoma mbio na kuruka sehemu za milima na machweo. Anita huwapa wahusika sauti zao, na wanaume wote wa Anita huongea kama maafande. Naliaka anacheka akisimulia kwamba wapo wateja walioomba misuko midogo midogo, ile ya kuchukua siku nzima, ili wasitoke sura ikiwa katikati.

Kwa mwendo huo lengo la vitabu kumi na viwili halikuwa gumu. Kufikia mwanzoni mwa Julai walikuwa wamekwisha kumaliza vinane. Naliaka alivipanga kwenye rafu karibu na makopo ya mafuta, ili kila anayeingia avione. Alikuwa akijivuna kidogo, na haoni aibu kulisema.

Jambo moja tu hakulifanya: yeye mwenyewe hakusoma. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, karo iliposhindikana, lakini woga wake ulimwingia mapema zaidi. Katika kidato cha kwanza alisimamishwa mbele ya darasa asome, akakwama, darasa likacheka mpaka mwalimu naye akacheka. Tangu siku hiyo hakuwahi kusoma kwa sauti mbele ya mtu. Kanisani wameshamwomba asome somo la kwanza, akasema macho yanamsumbua. Hapa saluni alikuwa na kisingizio kizuri zaidi. Mikono yake ilikuwa na kazi.

Murugi hakuonekana Mei wala Juni. Watu walisema amefanyiwa upasuaji. Alhamisi moja ya Julai, baridi ikiwa kali, alisukuma mlango akiwa amejifunga skafu. Saluni nzima ilijua kilichokuwa chini ya skafu, au tuseme kisichokuwapo.

"Sina nywele," alisema. "Lakini niko na macho. Naweza kaa?"

Naliaka alimwondoa Wendy kwenye kiti, kichwa chake kikiwa hakijafika hata nusu, akamkalisha Murugi mahali pake. Wendy alikwenda mwenyewe kwenye benchi akashikilia nywele zake kwa mkono.

Kitabu cha tisa kilikuwa ndiyo kwanza kimefunguliwa. Ni riwaya ya dada wawili walioachiwa nyumba moja na mama yao. Wanagombana siku ya matanga, wanajenga ukuta katikati ya sebule, na wanaishi miaka ishirini kila mmoja na mlango wake bila kusemezana. Murugi alisoma sura mbili siku hiyo. Alipofunga kitabu aliomba jambo moja, kwamba kile akisome yeye peke yake. Alieleza kwamba anapotundikiwa dawa hospitalini hulala saa nyingi akitazama dari, na kwamba akiwaza wale wanawake wawili watapatana lini, dawa huisha bila yeye kujua.

Nani angemkatalia? Wote walikubali. Julai na Agosti kitabu kilisomwa siku za Alhamisi pekee, na siku nyingine saluni ilirudi kwenye redio.

Septemba dawa zikampa Murugi vidonda mdomoni. Kumeza uji kukawa mtihani, sembuse kusoma kwa sauti. Alikuja Alhamisi moja, akafungua kitabu, akajaribu mstari mmoja, akakifunga tena. Machozi yalimlenga. Wiki zilizofuata hakuja.

Wateja walivumilia kwa muda, kisha wakaanza kuuliza. Wendy alijitolea aendelee pale Mama Dedan alipoachia. Naliaka akakataa. Akaambiwa basi waanzishe kitabu kingine, kile kitasubiri. Akakataa pia. Oktoba ikapita, Novemba ikaanza kuyoyoma, na simu zikarudi mikononi mwa wateja. Wapo waliohamia saluni nyingine, na Naliaka hafichi kwamba aliumia, kwa mfuko na kwa moyo.

"Watu walisema ati nimekuwa na kichwa ngumu juu ya kitabu," anasema. "Haikuwa kitabu. Tukimaliza bila yeye, ni kama tumeshamzika."

Mwishoni mwa Novemba Murugi alirudi. Alikuwa amekonda mpaka koti lake lilionekana la mtu mwingine. Akakitoa kitabu rafuni mwenyewe, akaketi dirishani, akamnyooshea msusi. Aliongea kwa taabu, midomo ikifunguka kidogo tu.

"Soma wewe."

Naliaka alimwonyesha mikono yake, imejaa mafuta, na kichwa cha Anita katikati. Kwa karibu miaka miwili mikono hiyo ilikuwa imemwokoa. Lakini Anita, ambaye hakuwa akijua habari za kidato cha kwanza wala za kanisani, alinyoosha mkono wake, akakipokea kitabu, akakifungua penye alama na kukiinua juu hadi mbele ya macho ya msusi.

"Nimekushikia, Mama," alisema. "Endelea tu kusuka."

Kisingizio kilikuwa kimekwisha. Naliaka alisoma sentensi ya kwanza, akakwama kwenye ya pili. Alirudia. Akakwama tena. Kwenye benchi mtu alikohoa, naye akadhani ni kicheko, vidole vikasimama ndani ya nywele za Anita. Akamtazama Murugi. Murugi alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea ukuta, anangoja neno linalofuata.

"Hapo ndipo niliona hakuna mtu ako na shughuli na mimi," anasema Naliaka. "Yeye alitaka kujua wale dada. Basi nikasoma."

Alisoma kurasa nne. Misuko aliyosuka saa hiyo ilikuwa mibaya kiasi kwamba baadaye aliifumua na kuianza upya bila malipo. Alhamisi iliyofuata alisoma kumi. Wateja walizoea kumshikia kitabu, na wakawa wakilalamika mikono inachoka, lakini hawakukishusha.

Walikimaliza siku chache kabla ya Krismasi, saluni ikiwa imefurika watu wa kusukwa kwa sikukuu. Kwenye riwaya, dada mkubwa anaugua, na mdogo anasikia kikohozi usiku kucha upande wa pili. Asubuhi anachukua nyundo na kuubomoa ukuta wa sebule peke yake, tofali kwa tofali. Naliaka hakuweza kusoma aya ya mwisho kwa mara moja. Alilia, akasimama, akafuta uso kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta, akaendelea. Wateja waligeukia Murugi wakitarajia naye analia.

Murugi hakuwa akilia. Alikuwa amekasirika. Kwa sauti yake ndogo alisema wale wanawake walikuwa wajinga, miaka ishirini yote, na nyundo ilikuwapo nyumbani siku zote. Saluni ikaangua kicheko, na Murugi mwenyewe akacheka huku ameshika mdomo unaouma.

Hivyo ndivyo lengo la vitabu kumi na viwili lilivyoishia tisa. Naliaka anasema vile vinane vya kwanza anavikumbuka nusu nusu, na kuna kimoja ambacho hata mwisho wake umemtoka. Cha tisa angeweza kukusimulia chote sasa hivi, na angekuonyesha ni sentensi gani zilizomkwamisha. Padri amemwomba tena asome somo kanisani. Safari hii hakutaja macho. Amesema atafikiria.

Mwezi huu wa Januari alipanda hadi Nyeri kununua kitabu cha mwaka mpya. Kingori, muuzaji wa vitabu vya mitumba anayetandaza bidhaa zake juu ya turubai, alimwekea kando vyembamba vitatu, vya kumalizwa haraka haraka, maana alishasikia habari za lengo lake. Naliaka alivirudisha. Akauliza kile kinene kuliko vyote ni kipi. Kingori alimtolea riwaya ya kurasa mia saba na ushee, akamwonya kwamba hiyo watu huianza wakaichoka, na yeye ameishi nayo miaka mitatu. Naliaka akailipia.

Ndiyo hiyo aliyoiinua Anita asubuhi ya leo. Wako ukurasa wa kumi na nane, na kwa mwendo wa Alhamisi kwa Alhamisi huenda wakafika Desemba, huenda wakavuka. Murugi ana vipimo vingine mwezi Machi. Madaktari hawajamwahidi jambo, naye hapendi kuulizwa.

Alipoletewa kitabu hicho alikipima uzito kwa mikono miwili. "Naliaka, hii ni ya miaka ngapi?" aliuliza. Kisha akavuta kiti chake karibu na jiko na kuagiza waanze.

Mchana, Murugi akiwa ameshapanda mlima kurudi kwake, Naliaka anafagia nywele sakafuni na kuulizwa lengo la mwaka huu ni vitabu vingapi.

"Ni hii moja tu," anasema. "Na nitaisoma polepole. Mama Dedan hawezi kuacha hadithi katikati. Mimi namjua."