Ngazi Tisa za Nyumbani, Tatu za Brussels

Nilikwenda Brussels kutafuta picha moja. Ukumbi wa halmashauri yetu una ngazi tisa, na mimi, diwani wa viti maalumu niliyekuja na kitimwendo changu mwenyewe, hupandishwa na mgambo wawili kila kikao. Mwaka jana waliniangusha kwenye ngazi ya saba. Mwenyekiti wetu, Mzee Kisoka, alinipa pole, akasema kubebwa ni upendo, na kwamba njia ya mteremko itajengwa nikileta ushahidi wa jinsi wenzetu wa Ulaya wanavyofanya. Ulipokuja mwaliko wa mkutano wa siasa na ulemavu, nikasema haya, ushahidi ndio huo.

Uwanja wa ndege, dada wa kaunta alimuuliza dereva wa teksi kama ningependa kukaa dirishani. Dereva, ambaye tulifahamiana nusu saa tu, akamjibu kwamba napenda sana. Sipendi.

Brussels nilifikia Anderlecht, kwa Maman Odette, Mkongo wa Lubumbashi, mwanaharakati mwenzangu anayetembelea magongo. Sasa anakaa chini kabisa, baada ya kuomba kwa miaka mitatu ahamishwe kutoka ghorofa ya sita. Nikamuuliza kuhusu lifti.

“Bon, yaya,” akasema, akiniita dada kwa Kiswahili cha kwao huku akinimiminia chai, “huku ascenseur ikikufa banaandikaka barua. Barua inafika, ascenseur haifike.”

Aliwahi kugombea udiwani huko. Chama chake kilimweka wa mwisho kwenye orodha ya wagombea na wa kwanza kwenye bango, magongo yakionekana vizuri. Tulicheka mpaka chai ikapoa, lakini rohoni nilianza kuingiwa na wasiwasi.

Asubuhi iliyofuata tukaenda ukumbini. Kuta zote zilikuwa na mabango ya usawa, na jukwaa la wazungumzaji lilikuwa na ngazi tatu. Mwenyeji wetu, bwana mrefu mwenye tai ya bluu, aliniinamia na kunieleza, kwa sauti ya kubembelezea mtoto, kwamba vijana wanne wako tayari kuninyanyua, na mpiga picha naye yuko tayari. Iliniuma, jamani. Safari yote ile, halafu nirudi na picha ya kumfurahisha Mzee Kisoka: hata Ulaya anabebwa!

“Sibebwi,” nikamwambia. “Nitazungumzia hapa chini. Anayetaka kuniona ashuke.”

Mwenye tai akapanda jukwaani, walikoketi waheshimiwa wengine. Maman Odette akavuta kiti, akakaa kando yangu na kuweka magongo mapajani, kama mtu asiye na haraka. Baada ya muda mheshimiwa mmoja akashuka, kisha mwingine, mwisho hata mwenye tai. Jukwaani yakabaki maua na chupa za maji. Maman Odette akapiga picha kwa simu yangu.

Niliporudi nyumbani, siku ya kikao mgambo wakanisogelea. Nikawashukuru, nikabaki uani. Bila mimi siku hiyo idadi ya madiwani ilikuwa haitimii, na Mzee Kisoka alilijua hilo. Alishuka mwenyewe kudai ushahidi wake. Akaitazama ile picha, akaigeuza simu huku na huku.

“Mbona jukwaa tupu?”

“Ndivyo wenzetu wanavyofanya, Mheshimiwa.”

Waheshimiwa wakateremsha viti vyao wakinung'unika, na kikao kikafanyika juani. Kufika saa saba mchana, Mzee Kisoka, suti imelowa jasho, akatoa hoja ya dharura kwamba njia ya mteremko ijengwe kabla ya kikao kijacho. Hakuna aliyepinga. Akataka kuinuka, miguu imekufa ganzi, akarudi kitini. Nikawaita wale mgambo wawili wambebe wampandishe ofisini kwake.

Alikataa katakata, macho yamemwiva kwa aibu, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, nilimuunga mkono.