Fremu Isiyopita Mlangoni

Hebu mwone kwanza akija. Mwanamke mrefu, mwembamba, amebeba bunda la kitambaa begani kama aliyebeba nguzo, na kila akigeuka kumwamkia mtu wa upande huu, ncha ya nyuma inamzaba kofi mtu wa upande ule. "Samahani, baba. Samahani, mama." Anaingia duka la vifaa vya ushonaji kiubavuubavu. Bunda linagonga kamba za shanga zilizoning'inia mlangoni, na mwenye duka, bwana mnene ambaye mtaa mzima ulimwita Vifungo, anapiga kelele kabla hajamwona uso:

"Nani huyo ananiletea mlango mwingine dukani?"

"Ni mimi."

"Aa, Subiri! Karibu. Pitisha mguu, halafu kichwa, halafu huo mlango wako."

Jina la Subiri hakupewa na wazazi. Alilipata kazini. Alikuwa anadarizi kwa mshono wa msalaba, ule wa kupitisha uzi mara mbili ukapata alama kama ya kuzidisha kwenye daftari la hesabu, na kwa alama hizo tu, ndogo ndogo, picha nzima inajengeka. Ni kazi ya kuhesabu vitundu vya kitambaa. Ukikosea kitundu kimoja huku juu, huko chini pua ya mtu inahamia shavuni. Kwa hiyo ukimsalimia akiwa katikati ya hesabu, aliinua sindano hewani, akasema "subiri," akamaliza mstari wake, ndipo akakuitikia kwa heshima zote na kukuuliza habari za nyumbani. Mara nyingi ulikuwa umeshafika kwako.

Siku hiyo alikuwa amefuata ringi. Namaanisha zile pete mbili za mbao, moja ndani ya nyingine, zinazobana kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Vifungo alimteremshia zote alizokuwa nazo, akalitazama lile bunda, akatikisa kichwa.

"Kitambaa hiki chote? Kwa ringi? Dada yangu, huko ni kufagia uwanja kwa mswaki. Nenda kwa seremala akuchongee fremu."

"Fremu haiingii kwenye begi," alisema Subiri.

Hapo ndipo penyewe, ndugu yangu, kwa hiyo nikuelekeze vizuri. Mwenye ukumbi wa pale njia panda alikuwa amemwagiza kaka yake Subiri picha ya kutundika nyuma ya jukwaa: mto mpana, miti kandokando, ndege wakiruka. Ndiyo, amemwagiza kaka yake. Katika nyumba ile mikono ilikuwa ya Subiri, mdomo ulikuwa wa kaka. Na picha yenyewe, ukiitandaza chumbani, ilifunika ukuta na ikabaki ya kukunja. Ilikuwa kazi ya miaka.

Sasa, wiki ileile, mdogo wake wa kike aliyeolewa mji mwingine alikuwa amempigia Subiri simu. Shule ya wasichana ya huko ilitaka mwalimu wa kudarizi, na nafasi ilikuwa yake Subiri, pamoja na chumba, shule zikifunguliwa tu. Subiri hakuwahi kulala usiku hata mmoja nje ya nyumba ya kaka yake. Akapiga hesabu yake: kwa ringi, kitambaa kinakunjwa, kinaingia begini, na mto wa watu utamalizikia kokote.

Basi pale dukani akaibana ringi kubwa kwenye pembe ya kitambaa, wakazungumza kidogo mambo ya nyuzi, kisha akaifungua. Kitambaa kilikuwa na duara limelala juu yake kama alama ya kikombe mezani.

"Hiyo inatoka kwa pasi," alisema Vifungo haraka.

"Kwenye kitambaa kitupu inatoka. Kwenye mishono haitoki. Na ringi lazima niihamishe, ipande juu ya nilichokwisha kushona, mara hii na mara hii. Mto utajaa vivuli vya pete."

"Na nani atapanda jukwaani kuupima mto wako kwa pua?"

"Mimi."

Vifungo akacheka, lakini yeye hakucheka. Alinunua ringi hata hivyo, akaificha ndani ya bunda.

Nyumbani alisubiri mpaka kaka avue viatu. Wifi yake alikuwa anachambua mchele.

"Kaka, nimefikiri. Nikitumia ringi, kazi hii naweza kuifanyia popote."

"Popote ndiyo wapi?"

"Hata kule kwa mdogo wetu."

Wifi akaacha mchele. "Wifi yangu, wewe hata ukienda jikoni unaaga! Leo unataka kusafiri na mto mzima begani?"

"Muache," alisema kaka. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. "Mdogo wangu, nani amekushika? Mimi nimekushika? Nenda, tena nitakusindikiza. Maliza tu kitambaa cha watu kwanza, maana nimempa yule bwana neno langu."

"Kitachukua miaka, kaka."

"Basi ukianza mapema si utamaliza mapema? Halafu hiyo ringi siitaki, itakumaliza mgongo kwa kuinama. Nimeshazungumza na seremala akuwekee fremu ya kusimama, ukae kwenye kiti kama watu."

Angekuwa mtu wa kufoka, Subiri angeondoka zamani. Lakini huyu ndiye aliyemlea wazazi walipofariki, yeye mwenyewe kijana wa juzi, akimsuka nywele vibaya na kumpeleka shule huku anamshika mkono. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini? Subiri akasema, "Asante, kaka," akaenda chumbani kwake, akakaa kitandani akiangalia nondo za dirisha.

Na ubaya ni kwamba kaka alikuwa na haki. Kwa kazi kubwa vile, fremu ndiyo yenyewe. Kitambaa kinaviringishwa kwenye magongo mawili, juu na chini, unafungulia kipande unachoshona tu, hakuna kinachobanwa, hakuna duara.

Lakini Subiri hakuwa mjinga. Seremala alipokuja na mbao zake, alimsubiri kaka atoke, akamsogelea.

"Fundi, kwenye kona usipige misumari. Weka bolti, na zile nati zenye masikio, za kufungua kwa vidole."

Seremala akamtazama. "Zenye masikio zinalegea, dada."

"Nitakuwa nazikaza."

"Kwa hiyo unataka fremu ya kufunguka."

"Ndiyo."

"Ikawa magongo tu. Mtu akayafunga kamba na kuyapandisha kwenye basi."

Subiri akainua kidole, kama anayehesabu. Seremala akatabasamu, akatoa nati kwenye mfuko wa suruali.

Fremu iliungwa mlemle chumbani, kwa sababu nje ya mlango ule kuna ushoroba mwembamba unaokata kona papo hapo, na kitu kirefu hakipindi. Ilisimama kati ya kitanda na mlango, ukuta hadi ukuta. Subiri akafunga kitambaa kwa kamba pembeni kote, akaanza mto. Kutoka, ilimbidi ainame apite chini ya gongo. Wifi alikuja kumtazama akitambaa, akajishika mbavu.

"Wifi! Sasa tukuletee majani?"

"Niletee maji ya kunywa, na maneno uyaache hukohuko," alijibu Subiri kutoka chini, na wote wawili wakacheka, maana kwa kweli ilichekesha. Kila jioni alikaza zile nati kwa vidole, moja moja, na kila alipozikaza alijua kwamba zinafunguka. Alishona vizuri siku zile. Hata aliimba.

Halafu akatoka kwenda kwa Vifungo kuchukua uzi wa kijani uliokuwa umepungua. Aliporudi alisikia harufu ya gundi ya mbao tangu ushorobani. Kaka alikuwa anatoka chumbani kwa kutambaa, nyundo mkononi, jasho usoni, anacheka kama aliyepata mtoto.

"Njoo uone! Ilikuwa inalia kila ukivuta uzi, nikasema hapana, mdogo wangu ateseke nami nipo? Nimezitoa zile takataka za seremala. Misumari kona zote, na gundi juu. Hebu isukume. Sukuma kwa nguvu!"

Subiri akaisukuma. Haikutikisika.

"Hata mwizi hawezi kuitoa humu," alisema kaka. "Labda avunje nyumba."

"Asante, kaka."

Nati zenye masikio zilikuwa sakafuni chini ya kiti. Aliziokota akaziweka kwenye kikopo cha sindano. Akainama, akapita chini ya gongo, akakaa. Mlango ukawa upande ule, yeye upande huu.

Baada ya hapo hakuimba tena. Mkono mmoja juu ya kitambaa, mmoja chini, sindano ikishuka na kupanda. Chai alipitishiwa chini ya gongo. Wapwa, yaani watoto wa kaka, walizoea kumwona miguu tu, wakawa wanaisalimia: "Shikamoo, shangazi," wakiiambia miguu.

Mdogo wake akapiga simu tena.

"Dada, shule zinafunguliwa Jumatatu. Mwalimu mkuu ananiuliza kila siku. Nimwambieje?"

Sindano ilikuwa hewani. "Subiri."

"Nisubiri nini, dada?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini? Dada! Chumba kina dirisha linaangalia barabara. Nimekufagilia. Yule mama mwingine naye anaitaka nafasi. Usipokuja na basi la kesho asubuhi, watampa yeye. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Aliweka simu juu ya kitanda. Ilikuwa saa za alasiri, jua limeingia kupitia nondo na kuchora mistari juu ya mto. Akavuta begi lake kutoka chini ya kitanda. Akatoa ile ringi aliyoihamishia humo. Akaibana pale pembeni, juu ya majani aliyokwisha kuyashona, akakaa nayo akiiangalia muda mrefu. Kisha akaifungua, akapitisha tambara lenye unyevu juu ya alama, akapapasa kwa kidole gumba, akatazama kwa karibu, akatazama kwa mbali kadiri kitanda kilivyomruhusu.

Duara lilikuwepo. Hafifu, kama pumzi kwenye kioo. Mtu wa ukumbini asingeliona. Mwenye ukumbi asingeliona, wala kaka, na neno la kaka lingebaki neno. Fremu ingebaki chumbani hata milele, lakini kitambaa kilikuwa kimeshikwa na kamba tu. Ukikata kamba, kinakunjwa. Lakini yeye angeliona lile duara kila siku ya miaka ile yote, na mengine mengi juu yake, kwenye kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika.

Mkasi mdogo ulikuwa kwenye kikopo, katikati ya nati. Akautoa. Akauingiza chini ya kamba ya kwanza.

Upande wa pili mlango ukagongwa taratibu. Kikombe cha chai kikatokeza chini ya gongo, na nyuma yake mkono wa kaka, na kwenye kidole gumba kitambaa cheupe: alijigonga kwa nyundo siku ile, wala hakusema.

"Pumzika kidogo, mdogo wangu," ilisema ile sauti ya chini. "Unajitesa mno."

Mkasi ulikuwa umeshika kamba, chai inatoa mvuke karibu na miguu ya Subiri, na mkono wa kaka bado uko pale sakafuni, unangoja apokee kikombe.

Nawe uliyemwona tangu anaingia dukani na bunda lake, niambie: ungekuwa wewe, ungekipokea kile kikombe kwanza, au ungekata?