Mkono Wangu Sikioni Mwake

Mjukuu wangu alianguka siku ya kupakwa piko, ile rangi nyeusi ya maarusi. Arusi yake ilikuwa imebaki siku tatu. Kucha zote, za mikono na za miguu, zilikuwa zimeshakolea weusi, na alipoinuka mkekani akaenda chini kimya kimya. Wanawake waliokuwemo nawakumbuka majina mmoja mmoja, na aliyesema ni njaa tu namkumbuka zaidi, ila hapa sitamtaja mtu.

Tulimkimbiza zahanati kwa tuktuk. Nesi alikuwa binti wa bara. Alichukua kibanio kidogo, mfano wa kile cha kuanikia nguo, akambana kidole.

"Ndani mna taa, shosho. Mwanga unapita kwenye nyama, na upande wa pili kuna kitu kinachouona. Damu ikipiga, mwanga unafifia kidogo. Hapo ndipo mashine inapojua pigo moja limefuata jingine baada ya muda gani."

Shule niliishia darasa la pili, lakini hilo nililielewa. Kioo cha mashine kikaonyesha mia na arobaini, kikashuka sitini, kisha hakikuonyesha kitu.

"Ni hilo piko. Linazuia mwanga," alisema nesi, akakihamishia kibanio kwenye ndewe ya sikio. Jua la dirishani nalo likawa linaingia, akaniambia nilifunike sikio kwa leso. Nikafunika, nikashikilia. Mstari wa kwenye kioo ukazidi kurukaruka.

"Bibi," mjukuu wangu akasema kwa sauti ndogo, "hilo ni sikio, si embe. Usilibinye."

Nesi hakucheka. Alikitazama kioo, akavitazama vidole vyangu.

"Shosho, mikono yako inatetemeka, na mashine inahesabu mtetemeko wako. Mwachie."

Siku nyingine ningemwambia huku kwetu mimi ni bibi, si shosho. Siku ile niliona nikimwachia tu mjukuu wangu, atakwenda zake. Nesi akaiondoa mikono yangu taratibu, akaibana leso kwa pini kwenye mto.

Mstari ukatulia. Vilima vidogo vikafuatana, na nesi akasema haamini nambari moja, atangoja dakika nzima, kisha nyingine. Nilikuwa nimeshaanza kusema alhamdulillahi kilima kimoja kilipochelewa. Vikapita vinne, vitano, kingine kikachelewa.

"Huo si mkono wako," alisema. "Huo ni moyo wake."

Nilitamani ule mrukoruko urudi, nipate kusema ni mimi.

Alipelekwa hospitali ya Msambweni mchana ule ule. Njia nzima nilikaa kando yake, mikono nimeikalia, naye akaniuliza kama nimemkasirikia.

Arusi ilisogezwa mbele, ikafanyika. Sasa mjukuu wangu humeza vidonge vya moyo kila asubuhi. Akija kuniamkia hunipa mkono, nami huushika kwa ncha za vidole tu, nikauachia upesi.