Njuga za Paulina

Mwanangu Luka anakimbia kila asubuhi hapa Ihumwa tangu hajaota ndevu, na sasa ndevu zina mvi. Alikuwa anakanyaga kwa kishindo, jamani, hata treni ilisimama kumpisha. Msicheke, nilikuwepo.

Mwaka huu goti likaanza kumuuma. Siku moja akarudi anachechemea, akavua raba, akazitupa uvunguni. "Basi, nimeacha," akasema, na ugali hakuugusa. Mkewe Paulina hakuvumilia kumwona vile. Kesho yake akatoa njuga zake, zile anazovaa miguuni akicheza ngoma yetu ya Kigogo, akamfunga nazo mumewe vifundoni.

"Baba Lea, wewe hukimbii, unatwanga," akamwambia. "Usirushe mguu mbele. Piga hatua fupi, utue taratibu, njuga zinong'one tu."

"Watu watanicheka, Mama Lea."

"Wacheke. Nakimbia na wewe."

Wakatoka, Luka na raba, mkewe peku na khanga kiunoni. Majirani wakapiga vigelegele: "Harusi ya nani leo, Baba Lea?" Mwanzoni zile njuga zililia mpaka kuku wangu wakataga kabla ya wakati. Kila zilipozidi, Paulina alimgusa mkono, naye akapunguza.

Waliporudi sikuwasikia mpaka wakafika mlangoni. Luka akakaa, akalibonyeza goti polepole.

"Haliumi kama jana," akasema.

Paulina akachutama amfungue njuga. Luka akamshika mkono.

"Ziache. Kesho tunatoka tena."